Grupu 37 kwa simu moja: mnajitoaje bila kugombana na watu?

CherehaniMoja (mwanzisha uzi)
Jumapili, saa 4:10 usiku

Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi wa nguo, meza yangu iko Kariobangi South. Simu naiweka hapo kando ya cherehani kwa sababu wateja hunitumia vipimo kwa WhatsApp. Alhamisi ilitetemeka mpaka ikaanza kutembea yenyewe, ikasukuma kikopo cha bobini, bobini zote chini. Kuokota bobini chini ya meza na haya magoti yangu si mchezo.

Bobini lakini si kitu. Siku hiyo hiyo, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mteja aliniandikia: "Fundi, nguo ya shangazi usikate kwanza, amebadilisha mtindo." Nimeuona huo ujumbe saa kumi jioni. Nguo nilikata saa tano. Mita tatu za kitambaa kizuri cha Eastleigh, na ni cha mteja, si changu. Nimelipa.

Ulizama wapi huo ujumbe? Chini ya orodha ya matanga ya jirani. Mnajua vile inaendaga: mweka hazina anaandika majina na pesa, 1 fulani 500, 2 fulani 1,000. Anayefuata ananakili orodha nzima, anaongeza jina lake mwisho, anairudisha. Watu 64, orodha 64, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia. Kati yake "poleni sana" na picha za mishumaa. Kisha watu wawili wakanakili kwa wakati mmoja, mzee mmoja akapotea kwenye orodha pamoja na elfu mbili zake, akasema yeye si mtoto. Hapo ndipo simu ikaanza kutembea.

Leo nimekaa nikahesabu. Niko kwa grupu 37. Kuna ya harusi ya 2021, na hao maharusi sasa wana watoto wawili. Na hapo sijataja SMS: kamari, mikopo ya dakika mbili, na mtu anayetaka kuwa MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, wa wadi ambayo sijawahi kulala hata siku moja.

Nifanyeje? Tafadhali msiniambie ninunue simu ya pili.

---

MtuWaRongai

Nunua simu ya pili.

---

JiraniMwema44

Dada, si ujitoe tu? Gusa jina la grupu, teremka mpaka chini kabisa, toka. Sekunde tano. Watu wazima tunaogopa nini?

---

NyanyaWaWajukuu

JiraniMwema44, mwanangu, wewe bado hujafiwa. Binamu yangu alitoka kwa grupu ya matanga kabla ya mwili kutolewa mochari. Kwenye mkutano wa kamati, mtu alisimama akasoma kwa simu: "fulani ametoka". Aliisoma kwa sauti kama kumbukumbu za mkutano uliopita! Miaka mitatu sasa, na akifika kwenye shughuli yoyote ya ukoo kuna mtu wa kumuuliza, "Leo utakaa mpaka mwisho?"

Ukishachanga na kuzika, toka kwa amani. Kabla ya hapo kaa, hata kama umenyamaza.

---

JiraniMwema44

Sawa nyanya, nimenyamaza.

---

FundiSimu_Luthuli

Nimesoma uzi huu mteja akingoja nimbadilishie kioo, kwa hivyo makosa ya herufi mnisamehe.

Dada wa cherehani, usianze na kutoka. Anza na mlio. Hiki ndicho watu hawajui: kwa WhatsApp, mlio wa mtu binafsi na mlio wa grupu ni vitu viwili tofauti. Ingia mipangilio, arifa, utaona sehemu ya ujumbe na chini yake sehemu ya makundi. Hiyo ya makundi ondoa mlio, zima na mtetemo. Basi. Grupu zote 37 zinakuwa bubu kwa mkupuo mmoja, na mteja akikuandikia peke yake simu inalia kama kawaida. Hata hiyo tu ingeokoa kitambaa chako.

La pili ni mlango. WhatsApp ikiwa vile ilivyotoka, mtu yeyote mwenye nambari yako anaweza kukutupa ndani ya grupu. Nenda kwa mipangilio, faragha, makundi, ubadilishe iwe watu ulionao kwenye simu yako pekee. Kuna na chaguo la kuwatoa baadhi yao, lile la "isipokuwa", na hapo unaweka alama kwa wale ndugu wanaofungua grupu kila wakiota ndoto. Hilo limekuwepo tangu 2019. Ambaye hana ruhusa hawezi kukuingiza, inabidi akutumie mwaliko, na mwaliko huo unakufa baada ya siku tatu usipoukubali.

Na kuhusu "fulani ametoka", nyanya ana haki, lakini hayo ni ya zamani. Tangu 2022 ukitoka hawatangaziwi wote, wanaoona ni maadimini peke yao. Ila usidanganyike kwamba umepotea kabisa: mtu akichokora maelezo ya grupu anaweza kuona waliotoka ndani ya siku 60 zilizopita. Huku mjini hakuna mtu wa kuchokora hivyo. Kwa ukoo sijui.

Mteja amekasirika. Narudi.

---

CherehaniMoja

FundiSimu, Mungu akubariki. Nimezima mtetemo wa makundi sasa hivi. Nimekaa dakika kumi naangalia simu nikidhani imeharibika.

Swali: hizo nilizozituma kwa kumbukumbu, zile zinazojificha juu, mbona moja imelia tena?

---

FundiSimu_Luthuli

Umetajwa kwa alama ya @, au kuna mtu amejibu ujumbe wako wa zamani. Grupu iliyo kwa kumbukumbu inanyamaza mpaka utajwe au ujibiwe. Angalia, lazima ni mweka hazina.

---

CherehaniMoja

Ni mweka hazina.

---

MwekaHazinaWaUmoja

Sasa na sisi tujitetee. Mimi nimekuwa mweka hazina wa matanga manne na harusi mbili, na sijawahi kuomba kazi hiyo hata mara moja. Mnadhani napenda kutaja watu kwa @? Basi la kwenda kuzika Kakamega linataka pesa Jumatano, na Jumanne usiku mtu yuko "mtandaoni" lakini hajibu.

Ile orodha ya kunakili ni sumu, nakubali. Niliiacha baada ya kugombanisha mjomba na shemeji yake. Siku hizi nafunga grupu iwe maadimini peke yao ndio wanaandika. Watu wanatuma pesa kwa M-PESA, mimi naandika kwa daftari, na jioni saa mbili natuma orodha moja safi. Ujumbe mmoja kwa siku. Poleni zao wanampelekea mfiwa moja kwa moja. Siku ya kwanza walilalamika eti nimewafunga midomo, siku ya tatu hakuna aliyekumbuka. Na pesa zilitimia mapema kuliko wakati wowote, kwa sababu orodha ikija mara moja kila mtu anaisoma kutafuta jina lake. Na la jirani pia, tusidanganyane.

Kitu kingine: tukishazika na kutoa hesabu, natoa watu wote mmoja mmoja, kisha najitoa mwenyewe. Grupu isipozikwa inafufuka. Nimeona ya harusi ikageuka ya "ustawi", ya ustawi ikaanza kuuza ploti za Joska, ya ploti ikaingia kampeni. Watu ni wale wale, picha tu ndiyo inabadilishwa.

---

NyanyaWaWajukuu

Huyu mweka hazina ameoa? Nina mjukuu.

---

KaroriWaPipeline

Za WhatsApp nimeelewa. Mimi shida yangu ni SMS. Kamari inaniamsha saa kumi na mbili asubuhi kuniambia nimezawadiwa dau la bure, na sijawahi kubashiri hata kama mvua itanyesha. Nikijibu waache, ujumbe hauondoki, unasema haukutumwa.

---

FundiSimu_Luthuli

Hauondoki kwa sababu tangazo lenyewe limetoka kwa jina badala ya nambari. Jina halipokei jibu. Likiwa limetoka kwa nambari fupi ya tarakimu tano hivi, soma mwisho wake, mara nyingi wameandika neno la kutuma ili wakome, kama STOP.

Kama uko Safaricom piga *456*9*5#, fuata menyu, unazima jumbe za matangazo. Soma kila hatua polepole, usifunge na ile huduma uliyojiandikisha mwenyewe. Na usitarajie miujiza: hiyo inazuia zile zinazopitia mlango rasmi. Jamaa aliyenunua orodha ya nambari anayetuma kwa laini ya kawaida hapiti hapo. Huyo unamfunga kwenye simu yenyewe. Bonyeza ujumbe wake ushikilie, zuia, ripoti kama taka. Atarudi na laini nyingine, unamfunga tena.

Zile za wezi, "nimetuma pesa kwako kimakosa nirudishie," usijibu na usirudishe. Pesa ya kweli inakuja na ujumbe wenye jina MPESA, na salio lako linapanda. Ukiletewa na nambari ya kawaida ya 07 huyo ni mwizi. Ukiwa Safaricom upeleke huo ujumbe kwa 333.

---

DadaWaKayole

Mimi yangu ilikuwa mbaya kuliko kamari. Nilitumiwa SMS kwamba jirani yangu ana deni la 3,200 kwa kampuni ya mkopo wa simu na "nimshauri alipe". Mimi! Nambari yangu waliitoa kwa simu yake alipopakua programu yao, akaikubalia isome majina yote aliyonayo. Nilipokutana naye kwenye ngazi sote tuliangalia chini. Si kwamba tuligombana. Ila mpaka leo nikipika chapati sijui kama nimpelekee au ataona namhurumia.

---

WakiliMdogo

Dada wa Kayole, hilo ni kosa, si utovu wa adabu peke yake. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Juu yake kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na juu kabisa Ibara ya 31 ya Katiba, ile ya faragha.

Kwa ninyi wa kamari na MCA: kifungu cha 37 cha sheria hiyo ya 2019 kinadai mtu apate idhini yako ya wazi kabla ya kutumia taarifa zako kibiashara. Kwa hivyo hatua ya kwanza iwe swali, kabla ya matusi. Waandikie: nambari yangu mmeitoa wapi, na nataka muifute. Piga picha ya skrini ya kila kitu, tarehe zionekane. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi.

Kuna watakaosema ofisi hizo ni za mapambo. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza faini watatu kwa siku moja: shule iliyoweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, shilingi 4,550,000, kampuni ya mikopo ya simu, 2,975,000, na klabu iliyomweka mteja wake mtandaoni akistarehe, 1,850,000. Na mnakumbuka Juni 2021, Wakenya walipoingia mtandaoni wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kujiunga navyo? Malalamiko yalimiminika kwa ofisi hiyo hiyo, wakati ikiwa bado changa kabisa.

Lakini mimi nauliza: nambari tunaigawa wapi kwanza? Ingia jengo lolote hapa mjini. Getini kuna kitabu. Jina, kitambulisho, nambari ya simu, unaenda kwa nani. Na unaandika ukiwa unaona nambari za watu thelathini waliokutangulia.

---

MlinziUpperHill

Wakili naomba nijibu hapo kwa kitabu, maana mimi ndiye nakaa nacho.

Sisi tunaandikisha kwa sababu tumeambiwa tuandikishe. Kikijaa kinachukuliwa na msimamizi, kinaenda ofisini, naletewa kingine kipya. Hicho cha zamani sijawahi kukiona tena na sijawahi kuuliza. Na si kwamba watu wanaandika ukweli. Juzi nilikuwa na mgeni aliyeandika nambari yenye tarakimu nane. Nikamwambia mzee hii haitoshi, akaniambia ongeza mwenyewe unazotaka. Nikaongeza.

---

WakiliMdogo

Mlinzi, hilo usirudie kuliandika hadharani. 😂

---

MkenyaDallas

Salamu kutoka Texas. Mnalalamika na WhatsApp? Huku watu wengi, hasa makanisani na shuleni kwa watoto, wanatumia meseji za kawaida za simu kwa kikundi. Hakuna adimini. Mtu anachagua nambari 24, anaandika "Mungu ni mwema", anatuma. Kila anayejibu anawajibu wote. Jumapili moja nilipata "Amina" 23 nikiwa zamu ya usiku.

Kutoka ndiyo kazi. Kwa iPhone kuna kitufe cha kuondoka, lakini mkiwa kwa iMessage, zile meseji za iPhone kwa iPhone, kinakubali tu kama wote mnaitumia na mko wanne au zaidi. Akiingia mmoja mwenye simu ya kawaida mkarudi kwa SMS, kitufe kinafifia, unakibonyeza hivi unakiangalia. Kilichobaki ni kuficha arifa za mazungumzo hayo. Na kwa simu yangu ya zamani ya Android, mtu wa iPhone akiweka moyo kwenye ujumbe, mimi nililetewa meseji nzima ya maneno kunieleza kwamba fulani amependa "Mungu ni mwema". Moyo wa mtu mmoja, meseji moja.

Matapeli wa SMS huku tunawapeleka 7726, zile tarakimu za neno SPAM kwenye vitufe. Kama 333 yenu.

Adimini ni baraka. Msimtukane mweka hazina.

---

MwekaHazinaWaUmoja

Mmesikia.

---

KaroriWaPipeline

Nimepiga *456*9*5#. Siku ya tatu leo. Kamari moja imenyamaza, nyingine imepungua, na kuna moja sasa inatumia jina jipya. Nimeifunga. Nimeamka saa moja kasoro robo leo kwa sababu ya jogoo wa jirani, na nimeshukuru.

---

CherehaniMoja
Jumapili iliyofuata, saa 3:25 usiku

Narudi kutoa ripoti.

Nilianza na zilizokufa. Harusi, matanga yaliyozikwa, chama kilichovunjika, wazazi wa darasa la nne na mtoto wangu yuko kidato cha pili. Grupu 19 nimetoka kimya kimya, na aliyeniuliza ni mmoja tu, adimini wa chama, akaniuliza kama naweza kumfundisha na yeye. Saba nimetuma kwa kumbukumbu. Zimebaki 11, na hata hizo hazilii.

Wateja nimewawekea mlio wao, mmoja mmoja, jioni nzima ya Jumanne. Ni kengele kama ya baiskeli. Sasa nikiisikia nainua mguu kwa pedali kabla sijajua nimefanya nini. Ijumaa mteja aliandika "fundi mkono uwe mrefu kidogo" na mkasi ulikuwa hewani, wallahi hewani.

Matanga ya yule jirani sijatoka. Tunazika Jumamosi. Nilimwandikia mweka hazina wetu maneno ya MwekaHazinaWaUmoja, akakataa, akasema watu watadhani anaficha pesa. Kesho yake orodha ikampoteza mke wake mwenyewe. Jioni alifunga grupu.

Sasa jambo moja. Ile ya mlango, ya watu wa "isipokuwa". Niliweka alama kwa ndugu wanne wa mume wangu, na kidole nadhani kiliteleza, kwa sababu Ijumaa asubuhi nimepata mwaliko: mama mkwe anakualika kujiunga na grupu, "MABATI YA NYUMBA YA MAMA". Yeye alitaka tu kuniongeza, simu ikamkatalia, ikampa kazi ya kunialika kama mgeni. Kumbe huko wameniona sipo. Wifi yangu amempigia mume wangu. Mwaliko unakufa kesho asubuhi.

---

NyanyaWaWajukuu

Ingia sasa hivi. Sema simu ilikuwa kwa fundi.

---

FundiSimu_Luthuli

Aseme ilikuwa kwangu. Naweza hata kuandika risiti.

---

CherehaniMoja

Nimeingia. Wamefika namba 14, na mtu amenakili orodha akanisahau.